Siku Mama Recho Alipotangaza Matokeo Chanya

Mtaa wetu unaitwa Bomba Mbili kwa sababu ya mabomba mawili ya zamani yaliyosimama pale njia panda. Tangu nihamie hapa sijayaona yakitoa maji. Tuko upande wa Temeke, ukitoka Vingunguti ukavuka reli, na upepo ukigeuka tunapata harufu ya machinjio hata wiki ambayo nyama yenyewe hatujaionja. Mtu akifariki hapa, mtoto akipotea, chanjo ikifika, watu hawasubiri redio. Wanasubiri sauti ya Mama Recho.

Jina lake ni Flaviana, na ni mke wangu. Mimi naona haya hata kudai chenji, kwa hiyo Mungu alinipa mwanamke wa kusema kwa niaba ya nyumba nzima. Yeye anakaa nyuma ya bajaji na kipaza sauti, spika imefungwa juu kwa mipira, mimi naendesha polepole. Serikali ya mtaa inamtuma yeye, msikiti unamtuma yeye, kanisa linamtuma yeye.

Alizaliwa karibu na Ndanda, na anasema sauti hiyo aliipata kwa kufukuza nyani shambani. Alipokuja Dar akauza vitumbua pale Mwenge, mimi nikiwa nachonga vinyago. Nilinunua kwake kila asubuhi bila kusema kitu, nanyoosha kidole tu. Siku moja akapaza sauti wachongaji wote wakageuka: "Kaka wa vinyago, leo unataja jina lako au nikuuzie vya jana?" Nikasema Cyprian. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu.

Jambo moja analishika sana. Hatangazi kitu asichokiamini. Ukimletea habari ya msiba, kwanza anapita nyumbani kwa wafiwa aone turubai. Ukimwambia mtoto amepotea, anataka kumwona mama wa mtoto. Mwaka ule wa kipindupindu alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu wachemshe maji, wakachemsha, wakapona. Tangu hapo husema, "Sauti yangu ikidanganya mara moja tu, kipindupindu kikirudi nani atanisikia?"

Sasa niwaeleze habari ya kisima.

Kisima kilichimbwa nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, kifupi tu, chenye pampu ya mkono. Maji yake yalikuwa meupe na baridi, na watu wakaanza kuulizana kama yanafaa kunywa. Akaja mtafiti kutoka chuo kimoja upande wa Kimara, kijana anayeitwa Daktari Revelian. Si daktari wa sindano, ni daktari wa maji. Alichukua maji kwenye vichupa, akashukuru, akaondoka. Ikapita miezi. Tukasahau hata sura yake.

Siku moja mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mfaume, akamwita Flaviana ofisini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Akamwonyesha karatasi iliyotoka kwa wakubwa, yenye muhuri, na akamsomea mstari uliokuwa katikati: kisima cha Bomba Mbili kimefanyiwa utafiti wa kisayansi na sampuli zote zimetoa matokeo chanya. Flaviana akaisoma mwenyewe. Muhuri upo, sayansi ipo, matokeo chanya yapo. Angetaka kuona turubai lipi tena?

Matokeo chanya ni maneno tunayoyajua vizuri. Tunayasikia kila mgeni rasmi anaposimama. Mradi wa vijana umeleta matokeo chanya. Ushirikiano wetu una matokeo chanya. Hata mwalimu wa watoto akitaka kuwasifia wazazi anasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo tukazunguka. Sijawahi kumsikia akitangaza vizuri kama siku ile. "Bomba Mbili, kisima chetu kimefaulu. Wataalamu wamepima, matokeo ni chanya. Njooni na ndoo." Watoto walikimbia nyuma ya bajaji. Wanawake walitoka na ndoo kichwani wakipiga vigelegele. Mzee Mfaume alijaza glasi mbele ya watu, akaimaliza bila kupumua, akaongeza nyingine.

Habari ikafika juu. Diwani wetu, Mheshimiwa Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa mwenye haraka na moyo mzuri, akasema kamati ya mazingira ya kata itakaa keshokutwa kupitisha mambo mawili: kisima kiunganishwe na shule ya msingi, na visima vifupi vya namna hiyo hiyo vichimbwe kila mtaa, kwa kuwa sayansi imeshasema. Akataka Flaviana awepo na spika yake, atangaze azimio papo hapo.

Jioni hiyo mwanetu Recho akarudi kutoka zahanati. Alikuwa na homa tangu juzi. Mama yake alikuwa anakoroga ugali, akamuuliza bila kugeuka amepimwa nini na majibu yakoje.

"Malaria," Recho akasema. "Chanya."

"Afadhali."

"Afadhali nini, mama? Nimekwambia chanya. Ninayo malaria."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Flaviana akageuka taratibu akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi, kisha akaangalia ndoo ya maji ya kisima iliyokuwa pembeni ya jiko imefunikwa na sinia. Ugali ukaanza kuungua na hakuna aliyeushughulikia.

"Baba Recho," akasema, "mie nimetangaza nini leo?"

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Mfaume kumwomba karatasi aisome tena. Mzee alicheka. Akamwambia malaria ni malaria na maji ni maji, na kwamba wakubwa hawawezi kupiga muhuri kitu kibaya kwa maneno mazuri namna ile. Akamwambia pia, kwa upole, kwamba kazi yake ni kutangaza, tafsiri ina wenyewe. Flaviana akamjibu kwamba basi anakwenda kwa wenyewe.

Tukawasha bajaji mpaka Kimara, tukiuliza njiani, tukakipata chuo. Daktari Revelian alikuwa amekaa katikati ya vichupa na makaratasi. Alipomwona Flaviana alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye ulipima maji ya Bomba Mbili?"

Uso wa kijana ukabadilika. Akaanza kulalamika kama mtu aliyekuwa akisubiri wa kumlalamikia. Akasema aliandika ripoti ndefu kwa Kiingereza, akaipeleka, hakuna aliyemjibu. Baadaye ofisi moja ikamwomba ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Akaandika. Kimya tena. Akasema serikali haipendi utafiti isipokuwa ule wa kuipigia makofi.

"Lakini tulipiga makofi," Flaviana akasema. "Mtaa mzima. Umetuandikia matokeo chanya, mwenyekiti akanywa glasi mbili."

Revelian alicheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa. Akafungua kompyuta yake, akatuonyesha ukurasa alioupeleka. Aliandika kwamba sampuli zote zimetoa matokeo chanya kwa vimelea vinavyotokana na haja kubwa. Huko njiani, mtu fulani aliyekuwa akifupisha aliona matokeo chanya yanatosha, hayo mengine ni ya wataalamu.

"Kwa hiyo yana mavi," Flaviana akasema.

Kijana wa watu akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Kwa lugha hiyo."

Flaviana akamwambia basi avae viatu, kesho kamati inakaa. Hapo ndipo tulipokutana na ukuta mwingine. Revelian akasema hawezi kwenda bila kualikwa. Mwaliko unatoka kwa mtendaji wa kata kwenda kwa mkuu wake wa chuo, unajibiwa, ndipo yeye anapewa ruhusa. Tena, akasema, walivyofundishwa ni kwamba mtafiti anatoa takwimu, kuamua ni kazi ya viongozi. Akienda kusema wafanye nini ataonekana anaingilia.

Flaviana alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Mwanangu, mie sikuombi uamue. Nakuomba useme ulichokiona, na usiondoke mpaka uone wameelewa. Basi. Kesho watoto wa shule wanaunganishiwa yale maji, na sauti iliyowapeleka kisimani ni ya kwangu."

Kijana akasukuma vichupa pembeni. Akauliza, "Mlangoni nitasema mimi ni nani?"

"Hiyo niachie mie."

Kesho yake, mbele ya ofisi ya kata, mgambo alisimama na orodha ya wajumbe. Flaviana jina lake lilikuwepo kama mtangazaji. Mimi nilikuwepo kama dereva. Mgambo akamwonyesha kidole Revelian, aliyekuwa amevaa shati safi na amekumbatia spika yetu kubwa kifuani, jasho linamtiririka.

"Na huyu?"

"Huyu mbeba spika," Flaviana akasema, akapita.

Hivyo ndivyo sayansi ilivyoingia kwenye kamati ya mazingira, kwa mgongo wa kubeba spika. Mimi nilitaka kucheka na kukimbia kwa wakati mmoja.

Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Katikati waliweka jagi la maji ya kisima chetu, na kila mjumbe alimiminiwa glasi, kwa heshima ya mtaa. Mzee Mfaume alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya kufuma. Alipomwona Flaviana alimpungia mkono.

Mheshimiwa Tusajigwe hakupoteza muda. Akasema kwa miaka mingi kata imekuwa ikilaumiwa kwamba inaamua mambo kwa kubahatisha, na leo inaamua kwa sayansi. Akasoma karatasi yenye muhuri. Alipofika kwenye matokeo chanya watu wakapiga makofi.

Flaviana akanyoosha mkono. Akasema kabla ya kutangaza anaomba mbeba spika wake aseme neno moja, maana ndiye aliyepima maji yenyewe. Watu wakacheka. Kisha wakaona mwenyewe hacheki. Diwani akamwangalia kijana kutoka juu mpaka chini, akamuuliza kama ni kweli, kijana akasema ni kweli, akaruhusiwa.

Revelian akasimama. Nadhani alikuwa na hofu kuliko hata mimi. Akaanza kuzungumza juu ya viashiria vya kimaikrobiolojia, juu ya kina cha maji ya ardhini na mwelekeo wa mtiririko, juu ya viwango vinavyokubalika. Wajumbe walitikisa vichwa kwa adabu. Mmoja alifungua simu yake chini ya meza.

"Kwa hiyo, daktari," diwani akamsaidia, "kwa kifupi matokeo ni chanya?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni chanya."

Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza. Mzee Mfaume akainua glasi yake akanywa nusu.

Nilimwona Revelian akikodoa macho. Alikuwa amesema ukweli mtupu na ukweli umepigiwa makofi ukazama. Akamgeukia Flaviana kama mtoto aliyesahau shairi. Flaviana akamwinamia, akamnong'oneza, lakini mke wangu hana mnong'ono, chumba kizima kilisikia: "Sema kama unamwambia mama yako."

Kijana ametoka Bukoba, kwao wanalelewa kwa heshima kubwa mbele ya wazee, na mbele yake walikaa wazee wa watu wamevaa vizuri. Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Wazee wangu, naomba mniwie radhi kwa neno ninalotaka kusema. Maji ya kile kisima yana kinyesi. Cha watu na cha ng'ombe. Vyoo viko karibu mno na kisima, na mfereji wa maji machafu unapita pale juu. Mtoto akiyanywa ataharisha, na mwingine anaweza kufa."

Hakuna aliyepiga makofi. Kitu pekee kilichosikika ni glasi. Mjumbe wa kwanza aliisukuma yake mbele kwa kidole kimoja, pole pole, kama inayouma. Wa pili akaisukuma. Sauti hiyo ndogo ikazunguka meza yote. Mzee Mfaume ndiye alikuwa bado ameshika nusu glasi hewani, hajui aiweke wapi.

"Sasa hiyo chanya ni nini?" diwani akauliza.

"Kwetu maabara, chanya maana yake ulichokitafuta umekipata, Mheshimiwa. Tulitafuta kinyesi. Tukakipata."

"Na sisi huku chanya ni maendeleo."

"Ndiyo naelewa leo."

Mzee mmoja pembeni akasema kwa hiyo haya maendeleo tumeyanywa tangu juzi, na hapo watu wakacheka kwa namna ya watu walioponea chupuchupu. Mzee Mfaume hata yeye alicheka, huku anajipapasa tumbo.

Sitasema mambo yalikwenda sawa yote hapo hapo. Mjumbe mmoja alisema mgeni rasmi ameshaalikwa na fulana zimeshachapwa. Mwingine akasema watu wachemshe tu, kwani siku zote walikuwa wanakunywa nini. Mtendaji alieleza kwamba ripoti ndefu aliiona, ila ilikuwa ya Kiingereza chenye namba nyingi na hakujua amuulize nani bila kuonekana hajasoma. Alilisema kwa sauti ya chini, na nilimheshimu kwa kulisema. Revelian naye akasema angepaswa kupiga simu, badala yake alinyamaza akidhani amedharauliwa. Walibishana kwa muda mrefu, lakini sasa walikuwa wanabishana juu ya maji, na daktari alikuwa amevutiwa kiti mezani.

Mwisho diwani akafunga mjadala. Shule haitaunganishwa. Kisima kitabaki cha kufulia na kujengea. Mpango wa visima vifupi unarudi kwa wataalamu, watafute mahali pa kuchimba kirefu, mbali na vyoo. Na kuanzia siku hiyo kata haitapokea ukurasa wowote wa maji usioandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, yanafaa kunywa au hayafai kunywa. Hayo ya chanya yafuate chini, wenye kuyataka wayasome.

Sasa ikabaki zamu ya Flaviana, na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza katika maisha yetu akishika kipaza sauti bila kukifungua. Tulikuwa tumesimama na bajaji kwenye njia panda, chini ya yale mabomba mawili. Watu walikuwa wanapita na ndoo kwenda kisimani, wanamsalimia. Alikuwa anatazama ndoo.

"Nikisema leo kinyume cha juzi," akaniambia, "ndiyo basi tena, Baba Recho."

Sikuwa na hotuba. Nikawasha bajaji, nikaanza kwenda polepole, kama kawaida. Baada ya nyumba chache nikasikia kipaza sauti kikikoroma.

"Bomba Mbili, ni mie, Mama Recho. Juzi niliwaambia maji ya kisima ni mazuri. Nilikosea. Aliyeyapima tunaye hapa kwenye bajaji, ameniambia kwa kinywa chake. Yana kinyesi. Msiyanywe, msipikie, watoto msiwape. Mliyonayo ndani fulieni."

Kina dada wa saluni walitoka nje. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Recho, juzi chanya leo kinyesi, kesho utatuambia nini?"

"Kesho nitawaambia nilichokiona, kama leo," akajibu kwenye spika. "Wewe mwaga hiyo ndoo kwanza, matani baadaye."

Dada yule akacheka, akaiinamisha ndoo. Maji yakatiririka kwenye mfereji. Jirani yake naye akamwaga. Tulipogeuka kona, njia yote nyuma yetu ilikuwa imelowa, na Flaviana alikuwa anatangaza kwa sauti ile yake ya nyani wa Ndanda. Revelian alikuwa amekaa pembeni yake amejishikilia, anajibu maswali ya watu waliochungulia madirishani kwao, neno moja moja: vyoo, mfereji, chemsha.

Kisima kirefu kilichimbwa baadaye, kule juu karibu na uwanja wa shule. Revelian alichukua vichupa vyake tena, na safari hii akamwahidi Flaviana kwamba majibu atampigia mwenyewe, siku ile ile atakayotuma ukurasa kata. Simu iliita tukiwa sokoni katikati ya watu. Flaviana akaiweka sikioni, akasikiliza, kisha akaishusha, macho yanang'aa. Hakusubiri tufike kwenye bajaji. Hakusubiri hata spika.

"Hasi," akapaza sauti. "Jamani, hasi. Yanafaa kunywa."

Soko zima likapiga vigelegele. Mwenye nyanya aliruka. Mtu mgeni angepita pale angetuona wendawazimu, watu wazima wanakumbatiana kwa sababu ya neno hasi.

Tangu siku hiyo neno limebaki. Ukipita Bomba Mbili asubuhi ukawasalimia vijana wa bodaboda, mambo vipi, hawasemi poa wala safi. Wanakujibu, "Hasi, mzee. Hasi tupu." Na mimi, ambaye zamani nilikuwa nanyoosha kidole tu, siku hizi nawajibu kwa sauti.